Batoto ao watoto? Mama, usifunge kinywa



Juzi mmoja wetu alipeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Akaeleza: "Mutoto anakatala mayi tangu jana." Kijana aliyeandika majina, aliyesoma Tanzania, akacheka: "Mayai ao maji?" Watu wote kwenye benchi wakacheka. Mama akaona haya, akanyamaza. Hakusema kwamba mtoto alitapika usiku kucha. Jioni jirani akamrudisha kwa nguvu, na mtoto akatunzwa. Bila jirani huyo, ingekuwaje?

Watu wa mbali wanasema Kiswahili chetu kimevunjika. Mashofere wanaobeba shaba hadi Dar es Salaam wanasikia "bantu" na "batoto", wanatabasamu. Lakini hatukuokota "ba" njiani. Katika Kisanga, Kiluba na Tshiluba, watu ni "bantu". Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rodezia ya Kaskazini (leo Zambia), na baadaye Ruanda-Urundi. Katika makambi, babu zetu walijifunza Kiswahili wao kwa wao, na kila mmoja alikisema kwa ulimi wa mama yake. Kwa hiyo bukari yetu ni ugali wa Tanzania, na sombe yetu ni kisamvu chao. Chungu ni kile kile.

Tena Katiba ya mwaka wa 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba.

Lakini tuseme ukweli: sisi pia tunacheka. Jirani kutoka Kasai akichanganya maneno sokoni, tunamwiga mbele ya watoto wetu. Tunapanda mbegu ile ile iliyotuumiza.

Basi, wamama, tufanye hivi. Mtoto ajifunze "watoto" na "maji" kwa ajili ya masomo, lakini asikatazwe "batoto" nyumbani. Mgeni akisema tofauti, tumuulize, tusimwige. Na kwa muganga, ukichekwa, sema tena, pole pole, mpaka umalize. Kama huwezi peke yako, ita mwenzako akusindikize.

Ulimi wa mama hauna kosa. Kosa ni kunyamaza wakati mtoto anaumwa.