Waulize Waliokula Naye

Kwa desturi, moran wa Kimaasai hanywi maziwa peke yake. Hata akirudi malishoni koo limemkauka na kibuyu cha mamake kimejaa, sharti amtafute rika mwenzake wanywe pamoja. Asipompata, avumilie. Nyama nayo ina masharti yake. Mgeni huona ni mwiko kama miiko mingine, lakini ukikaa na wazee wa Kajiado wakisimulia ujana wao, unatambua kazi kubwa iliyokuwa ikifanywa na mwiko huo. Kijana anayelazimika kula na wenzake siku zote, mwaka baada ya mwaka, hana pa kuificha tabia yake. Mchoyo atajulikana. Mwepesi wa hasira atajulikana. Anayewakatiza wenzake maneno, anayekwepa zamu ya kuchunga, anayetoweka mambo yakiwa magumu, wote watajulikana kabla mtu yeyote hajauliza.

Kwa hivyo linapokuja suala la nani awe olaiguenani, yaani msemaji na kiongozi wa rika, kazi kubwa huwa imeshafanyika. Hakuna barua ya maombi. Hakuna anayepanda jukwaani kujinadi, na anayeonekana kuutamani sana ukubwa hutiliwa shaka. Vijana hujadiliana wao kwa wao, huku wazee walezi wao, walio marika mawili juu, wakisikiliza na kupima. Je, ana mkono mwepesi wa kutoa? Husikiliza hadi mwenzake amalize? Kwao wana sifa gani? Akiudhiwa hufanya nini? Wakiridhika, hukabidhiwa rungu jeusi, na wadhifa huo hauna muhula wala kikomo cha miaka mitano. Atakuwa kiongozi wao wakiwa moran na atakuwa kiongozi wao wakiwa na mvi. Ukijua kwamba utaongozwa na mtu huyo mpaka uzeeni, hutampigia kura kwa sababu mnatoka boma moja.

Kuna cheo cha pili ambacho mimi hukiona cha ajabu zaidi. Katika sherehe ya eunoto, ambapo moran hunyolewa nywele zao ndefu na kuanza safari ya kuelekea utu uzima, rika huhitaji pia olotuno, mtu wa kulibeba rika zima kiibada. Lazima awe hana kilema wala doa, na heshima yake si ndogo. Lakini inaaminika kwamba pamoja na heshima hiyo anabeba mikosi ya wenzake, na vijana hukikimbia cheo hicho. Husimuliwa kwamba aliyeteuliwa hukamatwa ghafla asije akatoroka. Hebu fikiria uchaguzi wa Kenya ambapo mshindi anakamatwa ili aapishwe!

Mila hizi hazijafa, ingawa zimekonda. Mwaka 2018, UNESCO iliziingiza sherehe tatu za marika ya wanaume wa Kimaasai, yaani enkipaata, eunoto na olng'esherr, katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Septemba 2020, korona ikiwa bado haijaisha, maelfu ya wanaume kutoka pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania walikusanyika katika vilima vya Maparasha, hapa Kajiado, kwa olng'esherr, sherehe ya nyama inayomtoa mtu katika umoran na kumwingiza katika uzee. Wengi walivua suti na sare za kazi ili wahudhurie. Lakini maisha yenyewe ya manyatta, kambi ya moran, ya kukaa pamoja miezi na miezi, yamebanwa na kalenda ya shule, na ardhi iliyokuwa ya wote imekatwakatwa vipande vyenye seng'enge.

Ukitoka huko kwa barabara ya Namanga, ukapita Bisil, mji wa Kajiado na Isinya, unaingia Kitengela, na hapo mambo ni mengine kabisa. Ranchi ya kikundi iliyokuwa hapa iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980. Viwanda vya EPZ vya Athi River vikavuta wafanyakazi, mashamba yakawa ploti, ploti zikawa ghorofa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 154,000 mjini humu. Jirani yako ametoka Kisii, wa juu yake Machakos, mwenye duka Murang'a. Hamjachunga pamoja wala kunywa kibuyu kimoja. Mnakutana getini mkisubiri boza la maji.

Ni katika madarasa ya mji kama huu ambapo watoto sasa wanaambiwa wajitathmini na watathmini wenzao. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote Januari 2019 katika madarasa ya chini, una umilisi wa msingi saba, na mmoja wao ni mawasiliano na ushirikiano. Kazi za vikundi ni nyingi. Kazi ikiisha, mwanafunzi hupewa karatasi yenye majina ya wenzake na viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Aweke alama. Na walimu wasiwacheke, maana tangu 2016 wao pia, chini ya mfumo wa tathmini wa TPAD wa Tume ya Kuwaajiri Walimu, hujipa alama wenyewe kisha huketi na msimamizi kukubaliana. Sijui ni wangapi waliowahi kujiandikia kwamba wako mbali na matarajio. Nashuku wangetosha katika bodaboda moja.

Tatizo la kujipima halikuanzia Kenya. Mwaka 1976, bodi inayosimamia mtihani wa kuingia vyuo vikuu nchini Marekani iliwauliza watahiniwa wanaokaribia milioni moja wajilinganishe na wenzao. Asilimia 70 walisema uwezo wao wa uongozi uko juu ya wastani, na asilimia 2 tu ndio waliokiri kuwa chini. Kuhusu kuelewana na watu, robo nzima walijiweka katika asilimia 1 ya juu kabisa. Hesabu hiyo haiwezekani, lakini inaeleweka. Tunajihukumu kwa nia zetu, ambazo sisi pekee tunazijua. Wenzetu wanatuhukumu kwa tulichofanya siku ile ndoo zilipohitaji kubebwa.

Ila wenzetu nao hudanganya. Mtoto wa gredi ya nane akipewa jina la rafiki yake na viwango vinne, atachagua cha juu, maana atarudi naye nyumbani jioni kwa matatu moja. Asiyempenda atamtia alama ya chini, kazi nzuri au mbaya. Tena haimgharimu lolote. Kikundi kitavunjwa wiki ijayo na alama aliyompa mwenzake haifiki popote: matokeo ya mwisho wa sekondari msingi yanajumlisha asilimia 20 za KPSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita, 20 za tathmini za shuleni na 60 za mtihani wa gredi ya tisa. Moran aliyekosea kumchagua olaiguenani alilipa kwa maisha yake yote. Mtoto wetu halipi hata shilingi. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo tofauti yenyewe, wala si kwamba njia moja ni ya kienyeji na nyingine imetoka kwa wataalamu.

Anayetaka ushahidi asiende mbali, asimame steji yoyote ya bodaboda hapa mjini. Mwenyekiti wa steji huwa si lazima awe msomi wala mwenye pikipiki mpya. Ni yule atakayefuatilia pikipiki ya mwenzao ikizuiliwa na polisi, atakayekusanya mchango mmoja wao akivunjika mguu, na atakayeeleza pesa zilivyotumika bila kugugumia. Wanamtathmini kila siku, maana pesa ni zao na mguu ni wao.

Lakini tusiipambe manyatta kupita kiasi. Rika hilo lilipimana kwa haki, ila lilikuwa la wanaume. Wasichana waliolelewa katika boma zilezile hawakuwa na rika la aina hiyo wala rungu. Wanasiasa nao wamegundua kwamba rungu na shuka vinapigwa picha vizuri, na kila msimu wa kura tunaona watu wakitawazwa wazee na watu ambao hawajawahi kula nao hata ugali. Halafu majadiliano ya hadharani yana kasoro yake ya kawaida: mwenye sauti ndogo hunyamaza. Hapo karatasi ya siri inayokunjwa na kutiwa sandukuni inaishinda mila, na sioni aibu kusema hivyo.

Kule Kajiado kusini, karibu na Amboseli, kuna mfano uliochanganya njia ya kimila na vipimo vya kisasa. Mwaka 2019, jamii ya Olgulului-Ololarashi na shirika la IFAW waliunda kikosi cha wanawake wanane wa kulinda wanyamapori, maarufu kama Team Lioness. Kila ukoo kati ya koo nane ulitoa binti mmoja. Pamoja na masomo na nguvu za mwili, waliangaliwa uaminifu, nidhamu na huruma, mambo ambayo cheti hakiyaonyeshi na ambayo ni majirani tu wanaoyajua. Mwaka uliofuata korona ikaingia, likizo zikafutwa, na mabinti hao wakakaa kambini kwa miezi bila kurudi kwao. Walilala mahali pamoja, wakapiga doria pamoja. Sidhani walihitaji karatasi ya viwango vinne ili kujuana.

Mwalimu mmoja wa sekondari msingi hapa Kitengela alinisimulia jinsi alivyochoshwa na karatasi hizo. Darasa lake lilikuwa limepanda sukumawiki katika magunia, maji yakibebwa kwa mitungi kutoka tangi la upande wa pili wa uwanja. Mwishoni karibu watoto wote walijipa, na wakapeana, kuzidisha matarajio. Magunia manne yalikuwa yamekauka. Muhula uliofuata akawaacha katika vikundi vilevile, bila kuwachanganya, na badala ya alama akauliza maswali ya kujibiwa kwa maandishi bila jina la mwandishi: Nani alimwagilia wikendi? Nani ungemwachia pesa za mbegu? Nani aende kuongea na mwalimu mkuu tukitaka mitungi zaidi? Ukipewa mradi mwingine, ungependa muwe na nani?

Majibu yalimshangaza kwa jinsi yalivyokuwa makini. Mwenyekiti wa kikundi kimoja, mvulana mchangamfu aliyekuwa akisifiwa na kila mtu, alitajwa kwa swali moja tu, la kwenda kwa mwalimu mkuu, na hapo karibu wote walimtaja. Pesa walimwachia mtu mwingine kabisa, msichana. Wa kumwagilia walikuwa wawili, na mmoja wao ni mtoro wa hesabu. Kumbe watoto hawakuona kiongozi mmoja wa kupandishwa daraja. Waliona kazi kadhaa na mtu wa kila kazi, sawa na wazee wasiowahi kumchanganya olaiguenani na olotuno.

Fomu rasmi haina nafasi ya kuandika hayo. Penye ushirikiano pana mstari mmoja na alama moja, naye mwalimu akaijaza kama kawaida. Lakini ufunguo wa stoo ya majembe na mitungi sasa unakaa kwa msichana yule, na mvulana ndiye anayetumwa wageni wakija kuona bustani. Yule mtoro wa hesabu bado ni mtoro wa hesabu.