Binti amekubaliwa vyuo vitatu vya udaktari: tuchague vipi?

  

Ndugu Waislamu, msimu wa udahili wa vyuo vikuu unapowadia, wazazi wa hapa Ngamiani huwa na maswali mengi. Baada ya Swala ya Isha alitujia jirani yetu mmoja, fundi na muuza vipuri vya baiskeli, amefuatana na mama yake mzazi na binti yake aliyemaliza kidato cha sita katika masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Binti alipata neema iliyogeuka kuwa mzozo nyumbani: amekubaliwa kusomea udaktari wa binadamu Muhimbili, Dar es Salaam, KCMC, Moshi, na Bugando, Mwanza. Zilikuwa zimebaki siku tatu za kuthibitisha.

Baba alitaka Muhimbili kwa ukongwe wake, kwani mafunzo ya udaktari yalianza pale mwaka 1963. Moyo wa binti ulikuwa Moshi. Bibi hakutaka kusikia Moshi wala Mwanza, kwa kuwa hivyo ni vyuo vya makanisa. "Sheikh," akasema bibi, "msalie istikhara wewe. Utakachoota ndicho tutakachofuata."

Kwanza tufahamu tatizo hili limetoka wapi. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, na kila mwombaji alipangiwa chuo kimoja. Mwaka 2017 waombaji walirudishwa kuomba vyuoni moja kwa moja, ndipo mtu mmoja akawa anaweza kukubaliwa vyuo vitatu au zaidi. Mwenye hali hiyo hupewa namba maalumu ya kuthibitishia, naye huthibitisha chuo kimoja tu ndani ya muda uliowekwa.

Hapa pana amana ambayo wengi wetu hatuioni. Darasa la udaktari lina nafasi za kuhesabika. Kijana anayezishikilia nafasi tatu huku wazazi wakivutana, mbili kati ya hizo zina wenyewe wanaozingojea, nao ni watoto wa watu kama sisi. Kuchelewesha uamuzi bila sababu ni kumdhulumu asiyekujua.

Ama istikhara, imepokewa na Jabir bin Abdillah (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) akiwafundisha Masahaba istikhara kama anavyowafundisha sura ya Qur'an. Aliwafundisha ili kila mwenye jambo aisali mwenyewe: rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua. Hakuna katika mafundisho hayo sharti la kuota ndoto. Nayo haiondoi wajibu wa kuuliza na kupima. Katika Surat Aal Imran, aya ya 159, Mtume mwenyewe ameamrishwa kushauriana, kisha akishaazimia amtegemee Allah. Basi tulimwambia bibi: mwenye kusoma ni mjukuu wako, na mwenye kusali istikhara ni yeye.

Kuhusu vyuo vya makanisa, hofu ya bibi ni ya mapenzi na hatukuidharau. Lakini imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza kwa tabibu Harith bin Kalada wa Thaqif, mtu ambaye wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu kusilimu kwake. Elimu ya tiba huchukuliwa kwa mjuzi wake. KCMC na Bugando hupokea wanafunzi wa dini zote. La kuulizia ni haya: binti atalala wapi, atasali wapi, na ataishi na wenzake wa namna gani? Maswali hayo yaulizwe hata kwa chuo cha Serikali.

Kisha tukapima. Kote masomo ni miaka mitano, unafuata mwaka mmoja wa utarajali, na mwisho ni usajili uleule wa daktari. Kote kuna hospitali kubwa ya kujifunzia: Muhimbili ni ya taifa, KCMC na Bugando ni za rufaa za kanda. Kwa mtu wa Tanga, Dar es Salaam na Moshi hazipitani sana kwa umbali. Mwanza ndiyo ya mbali. Ikabaki ada. Muhimbili ni chuo cha umma, na ada yake ni nafuu kuliko ya vile viwili. Mkopo wa Serikali nao haumwahidi kila mtu kulipiwa ada yote.

Tukamuuliza baba: mkopo ukija nusu, duka lako litaibeba nusu ya pili kwa miaka mitano? Mzee aliinama asijibu. Binti ndiye aliyejibu: "Baba, usiuze duka kwa ajili yangu. Nitakwenda Muhimbili."

Alisali istikhara usiku ule, na asubuhi akathibitisha. Familia yenye uwezo mwingine huenda ingechagua Moshi, nayo isingekosea.

Imam Ghazali katika Ihyaa alihesabu utabibu kuwa ni faradhi ya kutosheleza, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fiqhi huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Mama zetu na dada zetu wangapi huona haya kujieleza kwa daktari mwanamume? Binti huyu anakwenda kuwaondolea dhiki hiyo. Tusimcheleweshe kwa mabishano ya jina la chuo.