Mahali pa Vipashio Katika Uchanganuzi wa Matini ya Kiswahili kwa Kompyuta

1. Utangulizi

Mwanaisimu anapodai kwamba muundo fulani umo katika utenzi au riwaya, wenzake wana haki ya kumwuliza: umo wapi? Tangu zamani jibu limekuwa ni ubeti na mshororo, au ukurasa na mstari. Siku hizi uchambuzi wa matini ndefu aghalabu huachiwa kompyuta, na hapo swali hilo huwa gumu zaidi. Programu ya uchanganuzi huikata sentensi vipande vipande, huzitenganisha sauti zilizoungana, na kukipa kila kipande jina lake la kisarufi, hata yale aliyoyaandika mtunzi yakawa hayaonekani tena. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kila kipande kinavyoweza kubaki na anwani yake katika matini asilia, na kwa nini anwani hiyo ni sehemu ya ushahidi wenyewe.

2. Namna ya kuhesabu

Njia iliyo nyepesi ni kuhesabu nafasi zilizo baina ya herufi, wala si herufi zenyewe. Nafasi iliyo kabla ya herufi ya kwanza ni 0, inayofuata ni 1, na kadhalika. Kila kipande huandikiwa nambari mbili: kinapoanzia na kinapoishia. Tuchukue sentensi hii:

Mtoto anampenda nduguye.

Hapa *Mtoto* ni 0–5, *anampenda* ni 6–15, na *nduguye* ni 16–23. Ndani ya kitenzi, kiambishi cha mtenda *a-* ni 6–7, cha wakati *-na-* ni 7–9, cha mtendwa *-m-* ni 9–10, mzizi *-pend-* ni 10–14, na kiishio *-a* ni 14–15. Kirai kizima *anampenda nduguye* huanzia pale kinapoanzia kipashio chake cha kwanza, na huishia pale kinapoishia cha mwisho, yaani 6–23. Hivyo anwani za vipashio vikubwa hupatikana kutokana na zile za vipashio vidogo.

Wazo hili si geni. Katika utaratibu wa uchanganuzi alioutangaza Jay Earley mwaka 1970, kila kanuni inayojaribiwa hubeba nambari ya mahali ilipoanzia, kwani bila nambari hiyo mashine haiwezi kujua ni vipande vipi vinavyopakana. Linalotakiwa ni kutoitupa nambari hiyo kazi inapokwisha.

3. Vipashio visivyokatika vizuri

Kiswahili hutuletea mambo matatu yanayoipima njia hii.

La kwanza ni kiambishi kapa. Katika neno *tunda*, tukikubali kwamba umoja una kiambishi kisichotamkwa, mahali pake ni 0–0: kinaanza na kuisha papo hapo. Kama tungehesabu herufi, kipashio kisicho na herufi kingekosa pa kukaa.

La pili ni kipashio kilichogawanyika. Katika *hatupendi*, ukanushi umebebwa na *ha-* iliyo 0–2 pamoja na *-i* iliyo 8–9. Kuandika 0–9 kungekuwa kudai kwamba *-tu-* na *-pend-* nazo ni ukanushi. Hatuna budi kukipa kipashio hiki anwani mbili.

La tatu ni mwungano wa sauti. Neno *meno* latokana na *ma-* na *-ino*, na irabu *e* ni mali ya pande zote mbili. Ni heri kuandika kwamba *ma-* ni 0–2 na *-ino* ni 1–4, anwani zikapandana, kuliko kumnyima mmoja haki yake kwa ajili ya kurahisisha hesabu.

4. Matini inapobadilishwa

Kosa kubwa hutokea kabla ya uchanganuzi kuanza. Tuseme mtayarishaji wa matini ameona afadhali kuandika *ndugu yake* badala ya *nduguye*. Neno lenye herufi 7 limekuwa na nafasi 10, na kila kinachofuata kimesogea nafasi 3. Katika utenzi, ambamo mikato kama hii ni mingi, mikato 100 ya namna hiyo itaisogeza anwani ya mwisho kwa nafasi 300, yaani beti kadhaa. Mtafiti atakayeifuata atafika penye maneno mengine kabisa.

Hata ritifaa ya *ng'ombe* yaweza kudanganya. Katika mfumo wa UTF-8, alama iliyonyooka huchukua baiti 1, na iliyopinda huchukua baiti 3. Neno lenye alama 7 machoni petu laweza basi kuwa na baiti 7 au 9. Anayehesabu baiti na anayehesabu alama hawataafikiana, ingawa wanasoma kitabu kimoja.

Dawa yake ni kutoigusa matini asilia, na kuweka kando umbo lililorekebishwa pamoja na anwani ya umbo la kwanza. Mfano mwema ni mofolojia ya ngazi mbili aliyoieleza Kimmo Koskenniemi mwaka 1983, ambayo Arvi Hurskainen aliitumia kuchanganua Kiswahili. Humo umbo la ndani na umbo la nje hulinganishwa herufi kwa herufi, na pasipo na mwenzi huwekwa sifuri. Kwa hiyo njia ya kurudi haipotei.

5. Tamati

Tumeona kwamba anwani hutolewa mara moja tu, matini inaposomwa kwanza, kisha hubebwa hadi mwisho. Anayengoja kuitafuta baadaye atakuta *-ye* nyingi zinazofanana, asijue ni ipi aliyoichanganua. Mashine yaweza kukosea kuhusu *-ye* hiyo, kama mwanafunzi awezavyo kukosea. Lakini kosa lenye anwani husahihishwa na msomaji yeyote aliye na kitabu mkononi, na lisilo nayo huingia katika kamusi na sarufi zetu likakaa humo kama ukweli.