Uzi Kabla ya Sindano: Utangulizi kwa Mfumaji Mpya

Ukimwambia mtu kwamba unataka kujifunza kufuma, huenda akakukabidhi sindano mbili na kukuonyesha namna ya kuanza. Mimi nakuomba uziweke sindano hizo kando kwanza, twende dukani. Katika miaka yangu ya kufundisha kazi hii nimeona wanafunzi wengi wakikata tamaa, na ni mara chache sana tatizo lilikuwa vidole vyao. Mara nyingi walinunua uzi kwa kupenda rangi, wakaanza kufuma, kisha wakagundua njiani kwamba uzi haufai, hautoshi, au haurudiwi. Kwa hiyo utangulizi huu utakaa sana kwenye uzi na mpango. Mikono itajifunza.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu linaweza kukuchanganya. Kiswahili hulitumia neno kufuma kwa kazi zaidi ya moja. Kwenye kitanda cha mfumi hutandwa nyuzi za urefu, ziitwazo mtande, kisha nyuzi za upana, yaani mshindio, hupitishwa kati yake juu na chini. Mwenye kroshia hutumia sindano moja yenye ndoana nchani. Kufuma ninakokusudia hapa ni kule kwa sindano mbili ndefu, ambako msingi wake ni kitanzi: uzi hupindwa na kuvutwa kupitia ndani ya kitanzi kilichotangulia, nacho hungoja kupitishiwa kingine. Vuta kanga yako kwa upana, kisha vuta sweta, utaielewa tofauti mara moja. Kanga ni mtande na mshindio, haina pa kwenda. Sweta ni vitanzi, na kila kitanzi kina nafasi ya kutanuka na kurudi. Kwa sababu hiyo hiyo, kitanzi kimoja kikiponyoka, vya chini yake huachia kimoja baada ya kingine. Usiogope. Lugha yetu imekwisha kukuandalia neno: kinachofumwa hufumuliwa, na uzi uliofumuliwa hutumika tena.

Ufundi huu si mgeni Afrika. Vipande vya kale vinavyojulikana vya ufumaji wa aina hii vilipatikana Misri, zikiwamo soksi za pamba zenye nakshi za buluu na nyeupe. Hata neno sufu, yaani manyoya laini ya kondoo yanayosokotwa kuwa uzi, tumelipata kutoka Kiarabu.

Sasa twende Kariakoo. Mimi hupenda kwenda na marafiki wawili, mmoja muuguzi, mwingine mwalimu wa shule ya msingi, na nakushauri nawe usiende peke yako. Sababu ya kwanza ni bei: duka la jumla huuza uzi kwa pakiti, na watu watatu wakichanga pakiti moja kila mmoja hupata madonge yake kwa bei nafuu. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Rafiki anayekupenda atakuuliza swali ambalo muuzaji hana haja ya kukuuliza: "Hii ni ya nini, na ni ya nani?" Mara ya mwisho nilikuwa nimeshikilia uzi mwekundu wa sufu, laini ajabu, nikimfikiria mpwa wangu anayeishi Tanga mjini. Muuguzi wetu akaniambia, "Shoga, mtoto wa Tanga umvalishe sufu? Mtafutie pamba." Alikuwa sahihi. Ule wa sufu nilimnunulia mama mkwe aliyeko Njombe, ambako Juni na Julai baridi huuma hasa.

Hapo tumegusa somo la kwanza: malighafi. Sufu hutanuka na kurudi, hutunza joto, na inaweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa. Lakini kila unywele wake una magamba madogo sana. Ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua, magamba hayo hushikana, nguo ikajikunja na kuwa nene kama zulia, na haitarudi ilivyokuwa. Pamba ni baridi mwilini na hufulika bila wasiwasi, ila ni nzito na haina mvutiko wa kutosha, hivyo sweta kubwa la pamba huning'inia. Akriliki ni uzi wa kiwandani utokanao na mafuta ya petroli. Ulianza kuuzwa katika miaka ya 1950, ni wa bei nafuu, hauliwi na nondo, na rangi zake ni nyingi. Usiudharau, maana ndio uzi mzuri wa kujifunzia. Uweke tu mbali na moto, kwa kuwa huyeyuka.

Usishangae ukisikia uzi wowote mnene ukiitwa sufu. Kondoo wetu wengi, kama wale wekundu wa Kimasai, huota nywele tu, hivyo sufu halisi si kitu cha kukikuta kila duka. Ukitaka uhakika, chukua kipande kifupi nyumbani, ukichome juu ya sahani ya bati. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka. Pamba hunuka kama karatasi. Akriliki huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu.

Baada ya malighafi, soma lebo, yaani ile karatasi iliyozungushiwa donge. Utaona uzito, aghalabu gramu 50 au 100, na urefu kwa mita. Wapya hutazama gramu; wewe tazama mita, kwa kuwa donge la gramu 100 la uzi mwembamba laweza kuwa refu maradufu ya lile la uzi mnene. Utaona pia ukubwa wa sindano unaopendekezwa. Shika sana vipimo vya milimita, kwa sababu namba za zamani hupotosha: sindano namba 8 ya Kiingereza ni milimita 4, ilhali namba 8 ya Kimarekani ni milimita 5.

Kuna namba moja zaidi, ndogo, ambayo watu huiruka. Hiyo ni namba ya mkupuo wa rangi. Kiwanda hutia uzi rangi kwa mikupuo, na mkupuo wa leo haulingani kabisa na wa mwezi jana, hata kama jina la rangi ni lile lile. Niliwahi kuishiwa uzi nikiwa nimebakiza mkono mmoja wa sweta la kijani. Nikarudi kwenye duka lile lile, nikapewa kijani kile kile, nikamaliza usiku kwa taa. Asubuhi, juani, mkono ule ulikuwa wa nguo nyingine. Tangu hapo hununua donge moja la ziada, na kabla ya kulipa huyapeleka madonge yote mlangoni nikayalinganisha kwenye mwanga wa mchana.

Na sasa mpango wenyewe, ambao ni hesabu nyepesi. Tuseme unamfumia mtoto mwenye kifua cha sentimita 60. Ongeza sentimita 8 ili aweze kupumua na kucheza, jumla 68. Kabla ya kuanza sweta, fuma kipande cha majaribio, yaani mraba wa sentimita 15 kwa 15 kwa uzi na sindano zile zile, ukifue, ukikaushe, kisha uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za katikati. Hicho ndicho kipimo cha vitanzi. Ukipata 22, basi kila sentimita ina vitanzi 2.2, na mzunguko wa sentimita 68 utahitaji takriban vitanzi 150.

Najua unachowaza: kipande hicho kinapoteza muda. Basi hesabu nami. Kama mkono wako ni mlegevu kidogo, ukapata vitanzi 20 badala ya 22, vitanzi 150 vile vile vitakupa sentimita 75. Umekosea vitanzi viwili tu katika sentimita 10, na sweta limezidi kwa sentimita 7.

Kipande hicho kina faida nyingine ambayo naipenda kuliko zote. Kipime kwenye mzani wa jikoni. Tuseme kina gramu 9. Eneo lake ni sentimita za mraba 225. Mwili wa sweta letu, mzunguko 68 kwa urefu 38, ni 2,584. Mikono miwili yenye upana wa wastani wa 24 na urefu wa 32 ni 1,536. Jumla ni 4,120, yaani vipande vya majaribio 18 na ushei. Zidisha kwa gramu 9, unapata kama gramu 165. Madonge manne ya gramu 50 yatatosha, pamoja na shingo. Hapo unajua cha kununua, na hakuna muuzaji wa kukupotosha.

Kwa hiyo safari ya dukani ni mbili. Ya kwanza nunua donge moja tu, urudi nalo nyumbani ufume kipande chako. Ya pili isichelewe, ili mkupuo ule usiishe, na umbebe rafiki pamoja na daftari lenye vipimo vya mtoto. Ukishachagua, geuza lebo za madonge yote, soma namba ya mkupuo moja baada ya nyingine, kisha sogea nayo mlangoni.