Liti, Watu-Simba na Riwaya Tunayoidai Singida

Wana wa Singida, Simba au Yanga akishuka mjini tunajaa Uwanja wa Liti, tunapiga kelele mpaka sauti zinakata. Halafu dogo akiuliza Liti ni nani, nusu ya jukwaa inakausha. Uwanja ule zamani uliitwa Namfua. Jina la sasa ni la Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu. Wazee wanasimulia kwamba Wajerumani walipoingia huku mwanzoni mwa miaka ya 1900, aliwatimua kwa nyuki. Nyuki, mwanangu! Jamaa wamekuja na bunduki, bibi kawafungulia mizinga. Unyama mtupu.

Mimi nataka riwaya yake. Nataka kitabu kinizamishe kwenye kichwa cha bibi yule usiku wa kuamkia vita. Nani alimfundisha kuishi na nyuki? Nani alimwamini, na nani alimkimbia akimwita mchawi? Hayo hakuna karani wa Kijerumani aliyeyaandika, na hapo ndipo mtunzi anapopata kazi.

Najua kuna masela watasema kubuni juu ya mtu wa kweli ni kumsingizia marehemu. Hoja ina uzito. Ila kamata *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969. Kinjeketile Ngwale alikuwepo kweli, mtu wa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita ya Maji Maji dhidi yao ikiwa ndiyo kwanza imewaka. Hussein hakuficha kitu: alisema wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, si yule wa historia. Akampa mashaka, akampa hofu, akamfikisha mahali anapotakiwa akiri kwamba maji yake ya kuzuia risasi yalikuwa uongo, na mwamba anagoma. Kijiweni kwetu jirani na stendi kuna mwana wa bodaboda alikuwa na nakala iliyochoka, jalada limeshikwa na gundi, anaisoma akisubiri abiria huku kaibana na goti upepo usifunue kurasa. Alipofika hapo pa kugoma, kijiwe kizima kilibishana mpaka giza likaingia. Mmoja anasema jamaa alikuwa shujaa, mwingine anasema aliwaponza watu. Kitabu cha historia hakijawahi kutukoroga hivyo.

Mafumbo nayo tunayo kibao. Chukua fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani: mwamba alijiua 1898 ili asikamatwe, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaitaka Ujerumani ilirudishe fuvu lake. Likarudi Kalenga 1954, baada ya Gavana Twining kwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen na kulichagua kati ya mengine mengi kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa marehemu. Je, alipatia? Riwaya nzima hiyo imekaa inasubiri mtu.

Lakini linaloninyima usingizi ni la hapa hapa kwetu: watu-simba. Miaka ya 1920, halafu tena kwa kishindo mwishoni mwa miaka ya 1940, watu waliuawa vijijini Singida, miili ikaachwa na majeraha kama ya makucha. Mwanzoni ikasemwa ni simba wa porini. Baadaye serikali ya Waingereza ikageuka, ikasema ni binadamu waliovaa ngozi, wanatumwa na watu wenye visasi. Wakakamatwa watu, wakashtakiwa, wengine wakanyongwa. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyewahi kuishi na Wanyaturu, akaifumua habari nzima upya kwenye jarida la *Tanganyika Notes and Records*. Mpaka leo ukiitaja mbele ya wazee, kuna anayekohoa na kubadilisha stori. Familia za waliouawa zipo, za walionyongwa zipo, na zinachota maji kisima kimoja.

Kwa hiyo ukiiandika kama sinema ya kutisha, umezingua. Badilisha majina, kaa chini na wazee kwa adabu, waamkie, wasikilize kwa Kinyaturu kama unakijua. Mimi ningemfuata mkalimani wa mahakama, kijana wa kubuni aliyesoma kidogo. Huku hakimu Mwingereza, kule mama wa kijijini anayeshtakiwa kwamba alimfuga mtu-simba. Mama anasema jambo lenye maana mbili. Kijana anajua zote mbili, na hakimu anasubiri moja. Akichagua vibaya, mtu ananyongwa. Na jioni lazima arudi kulala kijiji kile kile.

Hiyo ndiyo sura ya kwanza. Kuna madogo huku wanachana mistari mikali kuliko wa Dar, na mmoja wao hiyo kazi anaiweza. Mfano upo: mwanariwaya Gurnah kaandika misafara ya zamani kwenye *Paradise*, na tangu 2022 tunayo kwa Kiswahili, *Peponi*, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Dogo aanzie kuisoma hiyo, halafu akamate kalamu. Kitabu kikitoka, nanunua changu na cha kijiwe.