Simba wa Runinga na Mafundi wa Kamukunji

Mgeni huingia, na hapewi kiti. Mbele yake wameketi matajiri, mara nyingi watano, kila mmoja na karatasi yake na kalamu. Hutaja jina lake, kiasi cha fedha anachotafuta na sehemu ya biashara aliyo tayari kuikata ili azipate, kisha hufunua alichokitengeneza. Huulizwa kimemgharimu nini, amemuuzia nani, na ni kitu gani kitakachomzuia mwenye kiwanda kikubwa kukiiga kesho. Mwishowe kila tajiri hutamka neno lake: nimejitoa, au nakupa. Wajapani ndio walioanza utaratibu huu kwenye runinga mwaka 2001, katika kipindi ambacho jina lake kwa lugha yetu ni simbamarara wa fedha. Waingereza waliuchukua mwaka 2005 wakawaita matajiri wao mazimwi, katika Dragons' Den. Wamarekani walifuata mwaka 2009 na papa wao wa Shark Tank. Kenya ilipata simba wake mwaka 2016, Lions' Den, kwenye NTV kwa udhamini wa benki ya KCB. Majina haya yana uzito. Kila nchi ilichagua mla nyama, kwa hiyo mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba aliyesimama ndiye windo.

Nyumbani kwetu Nairobi kipindi hicho kilikuwa na kikao chake. Baba mdogo, fundi wa viatu, alikuwa akiwatangulia simba kutoa hukumu: "Huyu asipewe, hajui hata bei ya gundi yake." Wandia Gichuru, mmoja wa simba, akiuliza swali, sebule nzima ilinyamaza; Darshan Chandaria, simba mwenzake, akiinamia karatasi, watoto walianza kupiga hesabu kwa vidole. Shangazi, anayeuza mandazi, hakusema neno. Lakini wiki ya tatu nilimkuta na daftari la mtoto, ameandika upande mmoja unga, sukari, mafuta na makaa, upande wa pili mandazi aliyouza. Siku zote alikuwa anahesabu unga na mafuta. Makaa hakuwahi kuyatia katika hesabu. Kwa hilo peke yake nakishukuru kile kipindi, na sitaungana na wanaokidharau.

Ninachokidai ni kingine. Kipindi kimetufundisha kwamba kitu kipya huzaliwa pale fedha zinapotolewa na mikono kupeanwa, na hapo ndipo muziki hupigwa. Wanaoifahamu kazi yenyewe wanajua sivyo. Mwaka 2006 kijana mmoja, Rob Law, aliwapelekea mazimwi wa Uingereza sanduku la safari la mtoto, la kuendeshwa kama farasi. Tajiri mmoja aliuvuta mshipi wa sanduku mpaka ukatoka, na kijana akaondoka bila senti. Sanduku hilo, Trunki, leo linaburutwa na watoto katika viwanja vya ndege vya dunia nzima. Mwaka 2013 Jamie Siminoff aliwaletea papa wa Marekani kengele ya mlango yenye kamera, akatoka mikono mitupu. Kampuni yake, baada ya kubadili jina na kuitwa Ring, ilinunuliwa na Amazon mwaka 2018. Hata wanaopeana mikono mbele ya kamera, wengi hawafiki mwisho, kwa sababu baada ya taa kuzimwa huja ukaguzi wa vitabu, na hapo makubaliano mengi huvunjika. Dakika kumi za runinga haziwezi kupima kazi ya miaka.

Miaka ileile mazimwi walipoanza kuketi, watu wengine walikuwa wanajenga mila ya namna nyingine. Mwaka 2005 Dale Dougherty alianzisha huko California gazeti la Make, la watu wanaopenda kutengeneza vitu kwa mikono yao baada ya kazi ya mshahara. Mwaka uliofuata aliwakusanya katika mji wa San Mateo, kwenye maonyesho yaliyoitwa Maker Faire. Pale hakuna aliyeketi kuhukumu. Mtu huweka meza, huweka alichokitengeneza, na anayepita huuliza: umefanyaje? Adabu ya pale ni kujibu swali hilo kikamilifu. Kuficha ni aibu. Wanaamini kwamba kitu usichoweza kukifungua bado hujakimiliki. Katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka huohuo wa 2005, walimu na wanafunzi wao walitengeneza bodi ndogo ya kuendeshea mota na taa, wakaiita Arduino kwa jina la baa waliyokuwa wakikutania, kisha wakaitoa michoro yake bure. Bodi hiyo ilinakiliwa kila mahali, na leo mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam hujifunzia kwayo.

Tazama jinsi maswali ya watu hawa yanavyopingana. Simba huuliza: nani atakuzuia usiigwe? Watu wa San Mateo huuliza: umeelezaje ili wengine waige?

Mwezi Agosti 2010 Nairobi nayo ilipata maonyesho ya aina hiyo, Maker Faire Africa, mwaka mmoja baada ya yale ya kwanza ya Accra. Lakini Afrika Mashariki tayari ilikuwa na jamii nzima inayoishi hivyo, si kwa kujifurahisha Jumamosi bali kila siku, kwa ajili ya ugali. Jina lake lilishatangulia: jua kali, kwa sababu walifua vyuma nje bila paa. Shirika la Kazi Duniani liliandika juu ya kazi za namna hii nchini Kenya mwaka 1972, na mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi hao Nairobi akaahidi kuwajengea vibanda. Vibanda vikaja. Jina halikuondoka.

Kamukunji, mtaa wa mafundi wa jua kali hapa Nairobi, unaisikia kabla hujaiona. Nyundo mamia kwa mamia, kila moja na sauti yake. Nilikwenda na jiko la shangazi, kigae chake kimepasuka, nikakaa juu ya sufuria iliyogeuzwa kumtazama mzee mmoja akifanya kazi. Fuawe lake ni kipande cha reli ya garimoshi kilichozikwa nusu ardhini. Bati lake limetoka katika pipa la mafuta, limepasuliwa kwa tindo na kunyooshwa. Bado ungeweza kusoma herufi za kampuni upande wa ndani. Kijana wa miaka kumi na saba hivi, mwanagenzi wake, alikuwa anakunja ukingo wa bati ili lisikate mkono wa mtu. Alikunja kidogo, akapiga, akazungusha, akapiga.

"Mzee, hapa pamekaa sawa?"

"Mimi usiniulize, kijana wangu. Gonga, usikilize."

Kijana akagonga. Sehemu moja ililia kama kengele, sehemu ya pili ikatoa sauti ya mtu anayekohoa. Akairudia ile ya pili bila kuambiwa. Mzee aliendelea kupiga ribiti zake, hakuinua macho. Ndivyo uanagenzi wa pale unavyokwenda: kutazama kwingi, maneno machache, na siku kijana anapoiva hufungua kazi yake hatua chache kutoka kwa aliyemfundisha, na kuuza kitu kilekile. Hakuna anayeona ajabu.

Jiko nililolipeleka lina historia ambayo kila aliyetazama Lions' Den angepaswa kuijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981, wataalamu walileta wazo la jiko la Thailand lenye ndoo ya udongo wa kuchoma. Lilikuwa zito, na kigae kilipasuka. Wataalamu wa Kenya, mafundi wa bati na akina mama waliolijaribu jikoni kwao walilirudiarudia mpaka likapata umbo tulijualo, kiuno chembamba, juu na chini pana, kigae kikikaa nusu ya juu tu. Jiko la zamani la bati tupu lilitupa moto mwingi pembeni. Hili huushika, na mpishi huokoa makaa, theluthi moja na pengine zaidi. Hakuna hataza iliyowekwa kumzuia mtu. Fundi wa kwanza alimwonyesha wa pili, wa pili akampimia wa tatu kwa kipande cha bati kilichokatwa kama kielelezo. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya kaya za mijini nchini Kenya zilikuwa nalo, na nchi jirani zikalichukua zikaligeuza kwa udongo wao. Tanzania likaitwa jiko bora. Mchukue fundi huyo wa kwanza umsimamishe mbele ya simba, umuulize nani atamzuia jirani asimwige. Angejibu kweli: hakuna. Nao wangejitoa wote watano, na kwa hesabu yao wangekuwa sahihi. Lakini daftari la shangazi linaonyesha hesabu nyingine, na kwa kiasi cha makaa kilichobaki bila kuchomwa kwa miaka arobaini hakuna tajiri aliyelipwa hisa yake.

Sitaki kuipamba mila hii kupita kiasi. Kuigwa kunauma. Mzee aliniambia, "Mwanangu, ukitoa kitu kipya Jumatatu, Ijumaa kiko kwa jirani, na bei imeshuka."

"Sasa si ungekificha, mzee?"

"Nikifiche wapi, na sote tuko nje?"

Jibu hilo limenikaa. Pale hapana kuta, kwa hiyo hapana siri, na faida ya aliyebuni hudumu siku chache. Wapo waliokata tamaa ya kubuni kwa sababu hiyo, wakabaki kufua kile kinachofuliwa na wote. Hiyo ni hasara halisi. Lakini jumuiya hiyohiyo humrudishia mbunifu kwa njia nyingine. Akipata oda ya masanduku mia moja ya wanafunzi wa bweni, hawezi kuyamaliza peke yake kabla shule hazijafunguliwa, kwa hiyo huwagawia majirani. Mkasi wake ukivunjika huazima. Akiugua, mwanagenzi wake huangaliwa na fundi wa kibanda cha pili.

Na fedha? Hapo ndipo mila yetu na ya runinga huachana kabisa. Mbele ya simba unaomba kwa mtu asiyekujua, naye hununua sehemu ya biashara yako. Kamukunji unaomba kwa wanaokujua. Kuna chama, ambapo kila wiki wanachama huchanga na mmoja hupokea kwa zamu. Tanzania wangekiita upatu. Kuna mwenye bati anayekupa mzigo leo umlipe ukiuza, jambo ambalo wafanyabiashara wa Tanzania huliita mali kauli: dhamana yake ni neno lako. Fedha hizi ni ndogo, na udogo wake ni tatizo la kweli kwa anayetaka mashine ya kukunjia bati badala ya nyundo. Lakini hakuna anayepokea sehemu ya jina lako.

Vipindi hivi pia vinaweza kumpotosha kijana, na hilo limepimwa hapa kwetu. Mwaka 2011 runinga ya Tanzania ilionyesha kipindi cha Ruka Juu, mashindano ya vijana wajasiriamali yaliyoandaliwa na Femina Hip. Watafiti wa Norway na wenzao waliwahimiza baadhi ya wanafunzi wa kidato cha nne wa Dar es Salaam wakitazame, kisha wakawafuatilia. Waliyoyagundua, yaliyochapishwa mwaka 2020, yana sura mbili: hamu ya biashara ilipanda, hasa kwa wasichana, lakini matokeo ya shule yalishuka, na wachache zaidi waliendelea na masomo. Nionavyo mimi, kijana alionyeshwa ushindi, hakuonyeshwa uanagenzi. Alidhani kati ya wazo na fedha hakuna kitu.

Wamarekani nao walipata somo lao. TechShop, karakana za kulipia ambamo mwanachama angetumia mashine yoyote, ilitangaza kufilisika Novemba 2017. Kampuni ya Dougherty iliyochapa Make na kuandaa maonyesho ilifunga milango Juni 2019, ingawa alilifufua gazeti baadaye. Biashara iliyojengwa juu ya mila ilianguka, lakini watu hawakuacha kutengeneza. Mwenye bisibisi na gereji haulizi kampuni iko wapi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaotengeneza vipindi vyetu, Nairobi na Dar es Salaam. Matajiri waacheni, maswali yao ya hesabu tunayahitaji. Ila kabla ya mgeni kuingia na kusimama peke yake, pelekeni kamera kazini kwake mwezi mzima. Tuonyesheni kigae kilichopasuka mara ya nne. Tuonyesheni jirani aliyeazima mkasi na mama aliyerudisha jiko akisema linayumba. Mwoneni mwanagenzi anapogonga bati na kusikiliza. Halafu mleteni studio pamoja na wale waliomsaidia, na safari hii wapeni viti.