Ismailia, Mji wa Maji Mawili

Wengi wetu tulipokuwa madarasani tuliambiwa kwamba Mfereji wa Suez ulichimbwa na Ferdinand de Lesseps. Tulikariri jina hilo mpaka ndimi zetu zikalizoea, wala hatukujiuliza hata siku moja mtu mmoja awezaje kuchimba kilomita 164 za mchanga. Swali lilitujia ukubwani, tulipoketi kando ya Ziwa Timsah katika mji wa Ismailia, nchi ya Misri. Mwana wetu mdogo alikuwa akiitazama meli kubwa ikipita kwa mbali, nyuma ya ukingo wa mchanga, kana kwamba yatembea jangwani. Akageuka akauliza: "Baba, hao waliochimba walikunywa maji gani?"

Hakika historia yote ya mji huu imo katika swali hilo.

Tulikuwa tumefika kwa gari moshi kutoka Cairo. Sehemu ya mwisho ya njia hupita katika Wadi Tumilat, bonde jembamba la mashamba lililozungukwa na jangwa. Ndani ya bonde hilo hupita mfereji wa maji matamu ya mto Nile, na ukiufuata utafika Ismailia. Msafiri asiyejua atadhani ni mfereji wa kumwagilia mashamba tu. Lakini tangu enzi za kale, wafalme wa Misri, na baada yao Dario mfalme wa Uajemi, walipitisha maji katika bonde hili ili vyombo vitoke Nile vifike Bahari ya Sham. Mara nyingi mchanga uliufukia mfereji wao, ukasahauliwa.

Aliyeufufua katika zama za Uislamu ni Amr bin al-As, kwa amri ya Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu awe radhi naye. Mwaka 18 Hijria nchi ya Hijazi ilipatwa na ukame mkali, hata mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu. Khalifa alimwandikia Amr kuomba chakula, na misafara ikatumwa. Lakini njia ya nchi kavu ni ndefu na ngamia hubeba kidogo. Basi mfereji wa kale ukachimbwa upya, ukaitwa Khaliji ya Amirul-Muuminin. Nafaka ya Misri ikashuka kwa mashua mpaka Qulzum, karibu na Suez ya leo, na kutoka huko ikavuka bahari hadi Jar, bandari ya Madina. Baada ya zaidi ya miaka mia moja, Khalifa Abu Jaafar al-Mansur aliamuru uzibwe, kwa sababu watu wa Madina walikuwa wameasi. Maji yaliyofunguliwa ili Madina ipate kula yakafungwa ili Madina ikose kula.

Yako pia maneno ya mwanahistoria Mas'udi yafaayo kukumbukwa. Asimulia kwamba Harun al-Rashid alitaka kuziunganisha Bahari ya Rum na Bahari ya Sham, na waziri wake Yahya wa ukoo wa Barmaki akamkataza. Waziri alihofu kwamba merikebu za Warumi zitapenya humo na kuwateka mahujaji. Harun akaiacha fikra hiyo.

Tukirudi kwa waliochimba: kazi ilianza mwaka 1859, baada ya Said Pasha, mtawala wa Misri, kuipa ruhusa kampuni ya de Lesseps. Wachimbaji walikuwa wakulima waliochukuliwa vijijini kwa shokoa, yapata watu 20,000 kila mwezi, wenye majembe na vikapu, na wengine mikono mitupu. Jangwani hapakuwa na kisima cha kuwatosha; maji waliletewa juu ya migongo ya ngamia, na ngamia akichelewa, watu walikaa na kiu. Ndipo kampuni ilipochimba mfereji wa maji matamu katika bonde lile lile la Amr. Maji ya Nile yalifika Timsah mwanzoni mwa 1862. Maji ya chumvi ya Bahari ya Rum yaliingia ziwani baadaye, tarehe 18 Novemba mwaka huo. Kwa hiyo, mwanangu, bila ya mfereji ule mdogo usingaliiona meli hii. Mwaka 1863 mji uliochipuka hapo ulipewa jina la Ismail Pasha, aliyekuwa amekwisha kushika utawala.

Shokoa ilikoma mwaka 1864. Kampuni ilidai fidia, na aliyewekwa kuwa mwamuzi ni Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, nchi ya kampuni yenyewe! Aliamua Misri ilipe faranga milioni 84, na katika hizo milioni 38 zilikuwa kwa ajili ya shokoa tu. Yaani nchi ilitozwa faini kwa kuwapumzisha watu wake.

Mfereji ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869, na usiku uliofuata Ismail alifanya karamu kubwa mjini hapa, mbele ya wafalme na mabibi wa Ulaya. Gharama hatuzirefushi, deni lilijieleza lenyewe. Mwaka 1875 aliiuzia Uingereza hisa zake kwa karibu pauni milioni nne. Mwaka 1882 manowari za Waingereza zikaingia kwa mfereji huo huo na kuteremsha askari Ismailia. Ahmad Urabi, kiongozi wa Wamisri, hakuwahi kuufunga, kwa kuwa de Lesseps alimhakikishia kwamba hautatumiwa kwa vita. Waziri Yahya alikuwa ameona mbali.

Mji wenyewe wapendeza macho. Kandokando ya mfereji mtamu pana miti mirefu ya kivuli, na nyuma yake nyumba za Wafaransa zenye roshani za mbao. Wafanyakazi wa Kimisri walikaa mtaa wao, mbali na bustani hizo. Bao liligeuka tarehe 26 Julai 1956, siku Gamal Abdel Nasser alipotangaza kwamba mfereji ni mali ya Misri. Usiku ule Mahmoud Younis na wenzake waliingia katika ofisi za kampuni mjini hapa. Sanamu ya de Lesseps, iliyong'olewa Port Said mwaka ule, ililetwa Ismailia mwaka 2020 iwekwe katika jumba la makumbusho la mfereji. Wako waliochukia. Sisi twaona si vibaya ikae hapo, maadamu mkulima mwenye kikapu naye apewe nafasi.

Ziwani, mzee mmoja aliyekuwa akivua samaki alilisikia swali la mwana wetu, akacheka, akatukaribisha chai. Alikuwa mtoto vita vya Juni 1967 vilipowahamisha watu wa miji ya mfereji, mamia ya maelfu, wakatawanywa kote Misri. Mfereji ulifungwa miaka minane, mpaka tarehe 5 Juni 1975. Alituambia kwamba mama yake alifunga mlango akaenda na ufunguo, akautunza miaka yote ya ugeni. Waliporudi mlango walikuta upo, bali paa halikuwapo.

"Na kabla ya mama yako, mlitoka wapi?" tukamwuliza.

"Saidi, kusini," akajibu. "Babu wa babu yangu aliletwa hapa kuchimba. Walikuja ndugu wawili, akabaki mmoja."

Mwana wetu akamwuliza majina yao. Mzee akayataja yote mawili, polepole, jina la baba likifuata la mwana. Hatuyachapi hapa kwa kuwa hatukumwomba ruhusa. Lakini jioni, gari moshi likipita tena kando ya maji ya Amr, tulimsikia mtoto dirishani akiyarudiarudia kwa sauti ndogo, apate kuyahifadhi.